Bega la Kushoto

Baba Wambui, Fundi wangu,

Joho la meya limevaliwa Ijumaa. Nililikata mwenyewe na kulishona mwenyewe, la kwanza tangu utuache, na mpaka leo sijui kama nimekuheshimu au nimekuaibisha. Ndiyo maana nimekaa hapa dukani na kalamu badala ya sindano. Sare za kwaya zinaningoja, na wale kina mama watakuja kunipigia kelele. Wacha waje. Nina maneno na wewe kwanza.

Ya nyumbani ni haya. Wambui ni mzima, anakulilia bado lakini anakula. Kile chumba chenu cha lokesheni, ule mtaa wa Waafrika pale Kitale, kimerudi kwa kanjo, kwa baraza la mji. Walimpa barua, akatoa vitu, akakabidhi ufunguo. Ulikuwa ukiniambia wazungu walikijenga kwa mfanyakazi mmoja asiye na mke, ati Mwafrika alikuja mjini kufanya kazi tu halafu arudi kwao. Wewe ukalea watoto wanne humo ndani, na ukafia humo. Siku ya mazishi wengine walitaka upelekwe kwa ndugu zako huko upande wa mlima, wengine wakasema kwako ni Kitale. Tukakuzika Kitale, na bado kuna mtu alininong'oneza kaburini kwamba tumekuacha ugenini. Nilimwangalia tu, nikakosa la kumjibu. Mpaka leo sina.

Cherehani yako nyeusi ilikuja kwangu Bungoma kama ulivyosema, juu ya lori la mahindi, imefungwa kwa blanketi. Siku ya kwanza nilipoikanyaga ilikata uzi mara sita. Nikaitukana vile ulivyokuwa ukiitukana, kwa Kikuyu kile kibovu nilichojifunza kwako, ikakubali. Nililia kidogo hapo, sikufichi.

Miezi mitatu baadaye Wambui akaja na gunia. Akasema, dada, haya ni matambara ya mzee, kama hayana kazi uyachome. Ndani mlikuwa na mabaki ya vitambaa, mkasi uliovunjika sikio, na chini kabisa, limekunjwa ndani ya gazeti, joho. Lile la kwanza la Kitale. Jekundu limegeuka rangi ya udongo, manyoya yameliwa na wadudu, lakini nililijua hata kabla sijalikunjua. Ulikuwa umeniambia kwamba ulipolishonea baraza la Kitale joho jipya, walikuachia lile la zamani ufanye utakavyo. Nilidhani ulilitupa kitambo.

Basi nikaliweka juu ya rafu, nikalisahau, mpaka alipokuja karani wa mji.

Si Kitale, wala si Bungoma penyewe. Ni ule mji wa huku kwetu uliokuwa ukiuita njia panda yenye kinu cha kusaga. Usicheke, umepandishwa cheo. Kwanza kulikuwa na soko, halafu stendi, halafu baraza la mji, na sasa ni manispaa kamili. Manispaa lazima iwe na meya, na meya lazima awe na joho jekundu lenye manyoya shingoni hata jua likiwaka namna gani. Karani akasimama mlangoni, akaniuliza kama ni mimi ninayeshona au nina fundi huko ndani. Nikamwambia fundi ndiye huyu unayemwangalia. Akasema amesikia kwamba majoho yote ya upande huu yalitoka kwa mzee mmoja wa Kitale, na kwamba mimi ndiye niliyebaki na mkono wake. Hapo nikamsamehe.

Nilikuwa na deni la hasira na karani huyo, unajua. Kabla sijakodi chumba hiki nilijaribu kushona barazani kwa mwenye duka mmoja pale mjini kwake. Askari wa kanjo wakanitoa mbio, cherehani kichwani, ati sheria ya mji hairuhusu kazi barazani. Sasa nilipokuwa nampa kiti nikamuuliza, hivi hiyo sheria ilitungwa lini? Akacheka, akasema hajui, wameikuta. Nikasema, wameikuta wapi na mji wenyewe ni wa juzi? Akasema waliandikiwa kutoka kwa sheria za miji ya zamani, na ile miji nayo iliikuta. Sikumwelewa. Nadhani hata yeye hakujielewa.

Nikatoa karatasi yako ya kaki ya kukatia joho, ile iliyotobolewa na msumari. Mwandiko wako upo pale pale: bega la kushoto, shusha inchi moja na nusu, la kulia weka pamba. Ukapiga mstari chini, na chini ya mstari ukapiga mwingine.

Unakumbuka siku niliyokuuliza? Nilikuwa nimekaa kwako miaka miwili, najiona nimeshafika. Tulikuwa tunashonea mji mmoja joho, nikakuambia, Fundi, si hili litapinda? Hukuinua uso. Ukasema, "Nekesa, we shona tu." Nikasema mteja ana mabega sawa, nimemwona. Ukasema tena vile vile, na safari hii sauti yako ilikuwa na kitu ndani yake, nikarudi kwenye mshono. Mchana ule hukunywa chai. Wewe, Baba Wambui, kukosa chai yenye tangawizi! Nikajua nimegusa mahali.

Kwa hiyo nikajitungia sababu yangu. Nikasema ni kwa ajili ya ule mkufu wa umeya, labda ule uzito wa dhahabu unalalia upande. Nikasema ni namna ya mwendo wa wakubwa. Na kweli, mameya wetu wote wametembea hivyo, bega moja chini, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji na hataki kuimwaga. Watoto wa shule wakiigiza meya kwenye mchezo, huinamia kushoto. Mimi mwenyewe nimewapigia makofi.

Safari hii niliogopa. Nilikuwa peke yangu, na nilitaka manyoya ya shingoni yakae kama yako, na sikuwa nakumbuka vizuri yanavyoanza. Nikashusha lile joho la gunia ili nifumue shingo nione. Nikafumua shingo, nikaona. Ningeachia hapo. Lakini unanijua mimi na mikono yangu, nikaendelea mpaka begani.

Fundi, kitambaa kilikatwa sawa.

Nilikilaza mezani, nikakipima mara nne. Bega la kushoto na la kulia ni mamoja. Yule Mhindi wako, Bwana Manubhai, fundi uliyefanya kazi kwake ujanani, alilikata joho lile likiwa limenyooka kama meza. Ndipo baadaye mtu akalifumua, akakunja inchi moja na nusu ndani ya bega la kushoto, akaificha chini ya bitana, na la kulia akalijaza pamba. Na uzi wa mkunjo ule si uzi wa Mhindi. Ni mweusi, na mishono imelalia upande usiokuwa wake.

Nimekaa na wewe miaka kumi na miwili. Najua mshono wa mtu anayeshika sindano kwa mkono wa kushoto. Wateja walikuwa wakikutania, ati mzee unashona ukirudi nyuma. Ilikuwa ni mikono yako, ya ujana wako, kabla mimi sijazaliwa.

Sijui nikueleze vipi nilivyokuwa siku ile. Nilicheka kwanza. Halafu nikakasirika, nikasema kwa sauti, mzee huyu alijua! Alijua hakuna mkufu wala mwendo wa wakubwa, alijua ni marekebisho ya mtu mmoja, na akaniandikia kwenye karatasi kama amri, akapiga mistari miwili. Mteja aliyekuwa akijaribu koti alinitazama kwa wasiwasi, akaomba kuja kesho.

Nikahangaika wiki nzima. Wambui hakujua lolote. Lakini akanitajia Mzee Barasa, yule aliyekuwa tarishi wa baraza la Kitale tangu enzi za mkoloni, mliyekuwa mkicheza bao naye Jumamosi. Yu hai, Fundi. Amerudi kwao, juu kidogo ya hospitali ya misheni pale Lugulu, macho yamefifia lakini mdomo haujachoka. Nikampelekea sukari na majani ya chai, nikamwita kuka, kama tunavyowaita babu zetu, nikamwekea bega la joho mapajani.

Alilipapasa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Akaniambia habari ambazo wewe ulinipa nusu. Nusu yako naikumbuka: kwamba enzi hizo Kitale haikuwa na meya, ilikuwa na bodi, na bodi ilikuwa wazungu wenye mashamba, na viti vichache nyuma kwa Wahindi. Nyinyi Waafrika hamkuwa na kiti, mlikuwa mnajadiliwa. Mlijadiliwa kwenye kamati ya afya, siku moja na mitaro na mbwa wasio na wenyewe. Mji ulikuwa wao. Nyinyi mliingia asubuhi na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, na kutoka jioni. Hayo ulikuwa ukiniambia huku unapiga pasi, bila uchungu, kama mtu anayesema bei ya mahindi.

Nusu ya Mzee Barasa ni hii. Mwenyekiti wa bodi alikuwa na joho la sherehe, Mhindi wako alilikata. Kisha mzungu huyo akaanguka kutoka juu ya farasi, bega lake la kushoto likashuka, likakaa hivyo. Joho likawa linamvuka. Gavana alikuwa anakuja, mke wa mzungu akalia kwa Bwana Manubhai. Naye Bwana Manubhai mikono ilikuwa inatetemeka siku hizo, akakupa wewe kazi. Ulilishona, ukalipeleka kwa mlango wa nyuma, na Mzee Barasa ndiye aliyekufungulia. Anasema mzungu alipolivaa ulikuwa umesimama karibu na majiko, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke joho lilimkaa barabara. Ukatabasamu. Anasema ulikuwa fundi hodari tayari.

Hapo nikasema, kuka, basi alijua. Akasema ngoja.

Akasema uhuru ukaja, wazungu wakauza mashamba, na baraza likapata meya wake wa kwanza Mwafrika. Bwana Manubhai alikuwa ameshaondoka. Ukaitwa wewe, na safari hii ulipita mlango wa mbele. Ukampima meya, mtu mwenye mabega mapana na sawa. Ukashona joho jipya kwa kipimo chake mwenyewe. Zuri, anasema Mzee Barasa. Hajaona lingine zuri kama lile.

"Nekesa," akaniambia, "yule fundi wako alilishona mara mbili."

Kwa sababu meya alilivaa mbele ya madiwani wote, akajitazama kwenye kioo, akatazama picha ya yule mwenyekiti mzungu, bega limeshuka, iliyokuwa bado ukutani. Akatazama tena kioo. Akalivua, akalitupa chini. Akasema, unanipa shuka la kulalia? Mzungu anavaa joho na mimi unanivisha shuka, kwa sababu mimi ni mweusi mwenzako? Madiwani wakacheka. Mzee Barasa anasema ulifungua mdomo kueleza, ukaanza kusema habari ya farasi, na mmoja wao akakuambia funga mdomo, fundi, hatukukuita kwa hadithi. Ukaliokota, ukalikunja vizuri kama unavyokunja kila kitu, ukatoka. Siku mbili baadaye ukalirudisha likiwa limeshushwa bega. Meya akalivaa, akainama upande pamoja na joho lake, akasema, hili ndilo. Watu wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo, anasema, hukulitaja tena hata kwenye bao.

Nilirudi Bungoma nikiwa sijui nimchukie nani. Wewe nilishindwa. Yule meya nilijaribu, nikashindwa pia, maana alikuwa ametamani miaka yote kile kiti alichokatazwa, na akakitaka kama kilivyo, na bega lake. Lakini Fundi, baada yake walikuja wengine. Ulishonea miji mingine mipya, majoho manne kwa hesabu yangu, na wale hawakuwa na picha ya mzungu ukutani. Walikuwa na picha ya meya wa mji jirani. Hao hawakukutupia joho. Ungewaambia. Na kama hao uliwaogopa, mimi je? Mimi nilikuwa nakaa na wewe kutwa, nakuchemshia chai, nakukwaruzia mgongo na futi ya mbao ulipowashwa. Mimi ni meya? Ungenidokezea tu. Ulidhani ningekucheka? Hilo ndilo linalonikwama mpaka sasa.

Nikaamua kulikata sawa. Nilisema, kama mtu alitukanwa kwa kushona joho zuri, basi mwanafunzi wake atalishona tena lile lile. Nilijiona shujaa sana.

Meya mpya akaja kupimwa. Ni mtu mwema, nikwambie ukweli. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, akawa diwani, na madiwani wenzake wakamchagua. Nikampima ulivyonifundisha, nikimwongelesha habari za wanunuzi wanaopitisha mahindi mpakani Suam, mpaka akasahau kwamba ananyoosha mikono. Mabega yake ni sawa kabisa. Aliniuliza kama nilimjua mzee aliyeshona ya Kitale, nikasema alikuwa baba yangu wa kazi. Akasema ukifanya kama yeye utakuwa umetuheshimisha.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikafikiri, nikimwambia habari ya farasi atanicheka, atakucheka na wewe, atapeleka kazi yake Eldoret, na watu watasema mzee wa Kitale aliwavisha mameya ulemavu wa mzungu miaka yote hiyo. Nikameza. Nikasema, "Sawa, mheshimiwa," nikaandika vipimo vyangu.

Nilishona kimya kimya. Bega la kushoto na la kulia mamoja. Karani alipokuja kulichukua alilitundika, akaligeuza, akasema kuna kitu sijui ni nini, lakini sawa. Akanilipa akaondoka.

Ijumaa nikaenda. Nilivaa gauni langu la buluu, nikakaa nyuma na kina mama wa soko. Walikuwa wamepaka ukumbi chokaa mpaka harufu ilikuwa inakata koo. Bendi ya shule ikapiga. Askari wale wale wa kanjo, leo wamevaa glavu nyeupe, wakasimama mistari miwili, na mmoja amebeba lile rungu la baraza ambalo hakuna aliyeweza kuniambia ni la kumpiga nani. Kisha meya akatolewa chumba cha ndani, amesimama mlangoni, amevaa kazi yangu.

Fundi, lilikuwa zuri. Nisamehe nikijisifu. Lilimkaa kama alizaliwa nalo. Kwa dakika ile moja pale mlangoni nilikuona wewe ukiwa kijana, ukiingia kwa mlango wa mbele na joho lako la kwanza mkononi, kabla hawajalitupa.

Halafu akaanza kutembea. Na akashusha bega.

Hakuna aliyemshusha. Joho langu halikumvuta. Alilishusha mwenyewe bega la kushoto, taratibu, kama ameambiwa, akapita katikati ya askari akiwa amelala upande, mpaka kwenye kiti. Kitambaa changu kikakunjamana shingoni, bitana ikatokeza, kwa sababu hakikukatwa kwa mtu wa namna hiyo. Mama aliyekaa karibu nami akanigusa mkono, akasema, "Sasa huyo ndiye meya." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilikuwa napiga, Fundi. Nilishtuka kuona mikono yangu inapiga.

Leo asubuhi karani amelirudisha. Kasema kwa adabu, mama, liko vizuri, lakini linakunjamana kushoto, mheshimiwa hakupendeza kwenye picha, ulirekebishe kidogo. Meya mwenyewe atakuja kesho kulijaribu. Akaliacha hapa mezani. Liko mbele yangu ninapoandika.

Nimelitazama tangu saa nne. Na kadiri ninavyolitazama ndivyo hasira yangu kwako inavyoniishia, kwa sababu nimejiona. Wewe ulishona kombo ukanyamaza. Mimi nimeshona sawa nikanyamaza. Yule mtu ametembea mbele ya mji wake na bega lisilo lake, na aliyejua ni la nani alikuwa amekaa nyuma na gauni la buluu. Wewe angalau ulijaribu kusema, ukaambiwa ufunge mdomo. Mimi hakuna aliyenifunga.

Bado sielewi mengi. Sielewi huu mji tulioupata ni wetu kiasi gani, na ni kiasi gani tumeupokea tu kama ulivyokuwa, na sheria zake za barazani na rungu lake. Sielewi kwa nini mtu aliyelea watoto wanne kwenye chumba cha kanjo aitwe mgeni kaburini. Ningekuuliza, ungesema nishone tu.

Lakini hili moja nakuahidi, Baba Wambui. Kesho akija nitampa kiti, nitamchemshia chai, na kabla sijashika mkasi nitamwambia kila kitu, farasi na picha na joho lililotupwa chini, na jina lako nitalitaja. Nitamwonyesha mkunjo wako wenye uzi mweusi. Akinicheka, acheke. Akilipeleka Eldoret, alipeleke. Na akisema baada ya yote kwamba analitaka vile vile, lishuke, basi nitalishusha inchi moja na nusu, kwa mkono wangu, na atalivaa akijua ni bega la nani.

Pumzika, mzee wangu. Hapo Kitale ni kwenu. Nimepata la kumjibu yule mtu wa kaburini.

Ni mimi, mwanafunzi wako,
Nekesa